Adabu za kuandika kwenye magrupu ya gemu: funzo tulilolipata Kombani



Leo sitazungumzia siasa wala barabara. Nataka kuzungumza juu ya magrupu ya WhatsApp ya vijana wetu wanaocheza gemu za simu, hasa ule mpira wa eFootball ambao wengi bado wauita PES. Ukipita jioni stendi ya Kombani, pale barabara ya kwenda Kwale inapochepuka kutoka ile ya Likoni na Lunga Lunga, utawaona mabarobaro wameinamia simu, kila mmoja na timu yake. Mwenzake anayecheza naye huenda yuko Waa, Ng'ombeni au Tiwi. Kinachowaunganisha ni grupu. Humo ndimo hupangwa mechi, hutumwa matokeo, na hupigwa kelele.

Mimi niliingizwa kwenye grupu moja kama hilo na mpwa wangu, kwa kuwa nilisomea diploma ya mambo ya kompyuta na vijana huniletea simu zao zikigoma. Nilidhani nitakuwa mtazamaji tu. Kumbe nami nilikuwa na la kujifunza, tena kwa aibu.

Yaliyotokea

Vijana 32 walipanga shindano la mtoano. Kila mmoja alichanga shilingi 100, jumla 3,200. Pesa zilishikwa na barobaro mmoja wa boda boda ambaye kila mtu alimwamini. Fainali ilichezwa usiku, mshindi akapatikana, na watu wakangoja kuona zawadi ikitumwa.

Haikufika. Kufikia saa sita za usiku mtu mmoja akaandika, "Pesa imeliwa." Maneno mawili tu. Mwingine akaongeza kicheko. Wa tatu akachukua picha ya yule mshika pesa, akaiandikia MWIZI kwa herufi kubwa na kuigeuza stika. Wa nne, ambaye alikuwa na picha ya kitambulisho chake kwa sababu ya shughuli nyingine kabisa, akaitupa humo. Kulipokucha ujumbe ulikuwa umepita 200.

Nami nilifanya nini? Niliichukua ile picha nikaipeleka kwenye grupu la watu wazima wa mtaa, nikaandika, "Haya ndiyo mambo ya vijana wetu." Sikuuliza mtu. Sikumpigia simu. Kutoka pale ikamfikia mamake akiwa sokoni.

Ukweli ulikuwa hivi. Kijana alituma pesa ile ile saa ya mwisho wa fainali, lakini alikosea tarakimu moja ya nambari. Alipogundua, aliutuma ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 kama inavyotakiwa, ili muamala urudishwe. Kisha akamwandikia admini mmoja pembeni kumweleza. Admini alikuwa amelala. Siku ya pili pesa zilirudi, na mshindi akapata haki yake yote 3,200.

Na grupu likasemaje? Mtu mmoja aliandika "Sawa basi." Wengine wakaanza kupanga mechi za wiki inayofuata. Yule kijana akatoka kwenye grupu kimya kimya, na sala zake akahamishia msikiti mwingine.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Mamake alinipa kiti, akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza: "Mjomba, mwanangu mulimuita mwizi mbele ya watu wote. Mbona radhi waja kuileta chumbani?"

Sikuwa na jibu. Makala haya yametokana na swali lile.

Kwa nini grupu dogo huwaka upesi

Wengi hudhani matatizo ya mtandaoni ni ya magrupu makubwa yenye watu wasiojuana. Mimi naona kinyume. Kwenye ukurasa wenye watu laki moja, mtu akikutukana hujui hata anaishi wapi. Kwenye grupu la watu 80 wa Kombani na vitongoji vyake, anayekutukana utakutana naye kwenye matatu, msikitini, na kwenye arusi ya binamu yako. Neno halibaki kwenye gemu. Linaingia nyumbani.

Tukumbuke baraza la bao. Wazee wetu wamecheza bao miaka na miaka, na kejeli ni sehemu ya utamu wake. Aliyefungwa huchekwa, aliyeshinda hujigamba. Lakini mna adabu yake. Ukifika unatoa salamu kwanza. Mtazamaji hamwelekezi mchezaji kete ya kuchukua. Zamu inaheshimiwa. Na mzaha hauingii kwa mama ya mtu. Mtu akivuka, mzee mmoja humkata jicho na yanaisha pale pale.

Kwenye simu vitu vitatu vinakosekana. Cha kwanza ni uso na sauti. "Wewe hujui kitu" ikisemwa barazani kwa kicheko ni utani. Ikisomwa saa saba za usiku na mtu aliyefungwa mabao matano, ni tusi. Cha pili ni usahaulifu. Maneno ya baraza hupeperuka na upepo, lakini ya simu hubaki yameandikwa, na ukiyafuta, mwenzako ameshapiga skrinishoti. Cha tatu ni mipaka. Ya barazani husikiwa na waliopo. Ya simu huenda hadi sokoni kwa mama, kama nilivyoyapeleka mimi.

Si jambo jipya duniani. Oktoba 1995, wakati intaneti yenyewe bado changa, wataalamu walitoa waraka uitwao RFC 1855, ulioandaliwa na Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, wenye miongozo ya adabu za kuandikiana mtandaoni. Ndani yake mna mambo ambayo hata leo hatujayashika: ukae usome kwanza kabla ya kuandika, usijibu ukiwa na hasira, na ujue kuwa herufi kubwa tupu ni sawa na kupiga kelele. Miaka zaidi ya 25 imepita, nasi bado twaandika MWIZI kwa herufi kubwa.

Adabu zenyewe

Baada ya yale, tulikaa na vijana kibandani, tukaandika masharti. Nayaeleza hapa pamoja na sababu zake, maana sharti lisilo na sababu halidumu.

Ukiingia, toa salamu na utulie. Jitambulishe kwa jina lako na jina unalotumia kwenye gemu, kisha soma siku mbili tatu. Utajua mechi hupangwa saa ngapi, nani mwamuzi, na utani wao una mipaka gani. Mgeni anayeanza na "leteni timu zenu mbovu niwafunge" hupata maadui kabla hajapata mechi.

Matokeo yatumwe kwa ushahidi, na mara moja. Mechi ikiisha, mshindi atume skrinishoti inayoonyesha majina ya pande zote mbili na mabao. Aliyefungwa athibitishe kwa neno moja. Basi. Ugomvi mwingi wa magrupu haya ni wa mtandao kukatika au stima kupotea katikati ya mechi. Jambo hilo liamuliwe kabla ya shindano kuanza: je, mechi irudiwe yote, au iendelee na mabao yaliyokwisha kufungwa? Likiandikwa mapema, hakuna wa kumwita mwenzake mwoga aliyezima data. Ukiwa na malalamiko, mpelekee mwamuzi pembeni. Watu 80 hawawezi kuwa waamuzi wa mechi moja.

Tania mchezo, usimtanie mtu. "Beki yako leo ilikuwa wazi kama uwanja wa Idi" ni utani wa mpira. Wazazi wa mtu, kabila lake, maumbile yake, umaskini wao nyumbani, hayo si mpira. Sisi Waislamu tuna Suratul Hujurat, ambayo yatufundisha tusidharauliane, tusiitane kwa majina ya kuudhi, tuepuke dhana mbaya, na tuhakikishe habari kabla ya kuitenda. Nilipokuwa naipeleka ile picha kwa watu wazima, nilikuwa nimeyavunja karibu yote kwa kidole kimoja.

Jua saa. Grupu si la mtu mmoja. Kuna wanaoamka alfajiri kwenda bahari, kuna wenye mitihani. Tulikubaliana kuwa baada ya saa nne za usiku hakuna kuandika ila matokeo ya mechi iliyokuwa ikiendelea. Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja, maana bando la wengine ni la shilingi ishirini. Na ikiadhiniwa, mechi ingoje.

Usilete takataka. Viungo vya bando za bure, vya kubeti, vya akaunti zenye wachezaji wote, na vya watu wasemao watakuongezea koini za gemu, vingi ni vya kuiba nywila. Kijana akibonyeza, akaunti aliyoijenga mwaka mzima yaondoka, na pengine hata WhatsApp yake ikatumika kuwaomba jamaa zake pesa. Na yeyote akikuomba ile namba ya tarakimu sita iliyotumwa kwa simu yako, usimpe, hata akiwa na picha ya rafiki yako.

Pesa

Hapa ndipo moto huanzia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, suala la dini. Kila mchezaji akitoa shilingi 100 na mshindi mmoja akabeba zote, masheikh wengi wataliingiza jambo hilo kwenye kamari. Mimi si mufti, lakini tulimuuliza imamu wetu na akatushauri tuachane nalo. Sasa zawadi inatoka kwa mtu asiyecheza, kama mwenye duka anayejitolea, na wachezaji hawatoi pesa ya kushindania. Kila grupu liwaulize wanazuoni wake.

Pili, zikiwepo pesa zozote, hata za kununua bando la mwamuzi, zishikwe na mtu mmoja na zijulikane na wawili. Kila anayetoa aandikwe kwenye orodha. Ujumbe wa M-Pesa ukitumwa kama ushahidi, nambari na salio zifichwe kwanza.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mtu asishtakiwe hadharani kabla hajaulizwa faraghani. Tumeweka muda wa saa 24. Ukishuku pesa, mpigie simu mshika pesa. Asipopatikana, mwambie admini. Admini akishindwa, waitwe wazee wawili. Laiti tungelifanya hivyo, mambo yangelimalizika kwa simu ya dakika mbili, maana kijana alikuwa na jibu tangu saa ya kwanza.

Picha na sheria

Vijana wengi hudhani grupu ni chumba cha siri ambako sheria haifiki. Si kweli. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, ambayo ndani yake mna kosa la kumsumbua na kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao. Hakuna palipoandikwa kuwa WhatsApp imeachwa nje.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza skuli moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja bila ridhaa yake. Hizo ni taasisi, na sheria hiyo ina nafasi yake kwa mambo ya binafsi na ya nyumbani, kwa hiyo sisemi kuwa kila stika ya grupu italetewa faini. Nasema picha ya mtu ni mali yake, na kitambulisho chake zaidi. Mwenye nakala ya kitambulisho chako anaweza kujaribu kukopa kwa jina lako. Yule aliyekitupa kile kitambulisho humo alidhani anatania.

Watoto pia wamo. Kwenye grupu letu mna vijana wa gredi ya nane na wanaume wa miaka 30. Kwa hiyo hakuna picha chafu, hakuna video za ajali, na mtu mzima asimwite mtoto pembeni kwa mazungumzo yasiyokuwa ya mechi.

Wasichana

Wapo wasichana wanaocheza, na wacheza vizuri. Kenya ina Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, mchezaji wa Tekken ambaye mwaka 2018 alikuwa Mkenya mwanamke wa kwanza kusajiliwa na timu ya kigeni ya michezo hii. Lakini kwetu msichana akiingia kwenye grupu, kabla hajacheza mechi moja ameshapata ujumbe kumi pembeni: "Mambo, tuma picha." Baada ya wiki anatoka, na vijana wasema wasichana hawapendi gemu.

Sharti letu ni fupi. Nambari ya mtu uliyoipata kwenye grupu ni ya mechi. Ukitaka kumwandikia kwa jambo jingine, omba ruhusa, na ukinyimwa nyamaza.

Kazi ya admini

Uadmini si cheo, ni dhamana. WhatsApp yenyewe imempa vifaa ambavyo wengi hawavitumii. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa wote. Anaweza kulifunga grupu kwa muda, waandike maadmini peke yao mpaka hasira zipoe. Grupu moja laweza kuchukua watu 1,024, lakini si lazima ulijaze. Ukizidisha watu hutawajua. Nasi tumeweka maadmini watatu wanaopokezana, mmoja daima awe macho, kwa sababu siku ile tulikuwa na mmoja tu na alikuwa amelala.

Admini naye ana adabu yake. Asimtoe mtu kwa kuwa kamfunga. Onyo la kwanza liwe pembeni, la pili hadharani, la tatu kutolewa kwa wiki mbili, kisha arudi. Kumtoa mtu moja kwa moja kwenye grupu la mtaa ni kama kumwambia asipite njia hii.

Na wewe mwanachama, jua kuwa ujumbe ulioukosea unaweza kuurekebisha ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote ndani ya takriban siku mbili. Mipangilio pia inakuwezesha kuchagua nani aweza kukuingiza kwenye grupu. Lakini kifaa bora ni kuiweka simu chini ukifungwa. Kanywe maji kwanza.

Kuomba radhi

Narudi kwa swali la yule mama. Alinifundisha kuwa radhi ina mahali pake. Ukimkosea mtu faraghani, muombe radhi faraghani. Ukimkosea mbele ya watu, yarudishe mbele ya watu wale wale, maana waliosoma uongo ndio wanaostahili kusoma ukweli.

Usiku ule niliandika kwenye grupu la vijana, kisha kwenye grupu la watu wazima. Niliandika jina langu, nilichofanya, kwamba hakikuwa kweli, kwamba pesa zote 3,200 zilifika, na kwamba namuomba kijana na wazazi wake wanisamehe. Sikuongeza "kama nimemkwaza", wala sikusema "sote tulikosea". Baada yangu waliandika wawili, kisha watano. Aliyetengeneza stika alikuwa wa mwisho, akaandika siku ya tatu, tena baada ya babake kumsimamia.

Je, mambo yamerudi kama zamani? La. Kijana yule hajarudi kwenye grupu. Huja kibandani Ijumaa baada ya sala, hucheza mechi mbili, hucheka na wenzake, kisha huwasha pikipiki yake akaenda zake. Tulimuomba ashike tena hesabu akakataa. Mamake akinikuta njiani huitikia salamu yangu. Namshukuru Mungu kwa kiasi hicho.

Wazazi wenzangu, msiwanyang'anye watoto simu kwa kusoma haya. Waulizeni tu: grupu lenu lina masharti? Admini ni nani? Mtu akishukiwa mwafanyaje? Wakishindwa kujibu, kaeni nao muyaandike. Sisi yalituchukua jioni moja, chai ya maziwa na mahamri. Tungeliyaandika mwezi mmoja mapema, yule kijana angelikuwa bado nasi.